Aliyechora Sauti kwa Mkono

Vijana wanaotunga muziki kwa kompyuta, wawe Unguja, Pemba au Mbwawa, Kibaha, huona katika kioo mstari unaopanda na kushuka. Huuvuta kwa kipanya, na mara sauti ikabadilika. Ni wachache wanaomjua marehemu Bibi Daphne Oram, Mwingereza aliyeitumikia fikra hiyo karibu umri wake wote.

Alizaliwa mwaka 1925. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliacha nafasi ya kusoma katika Chuo cha Muziki cha Kifalme, London, akaajiriwa na BBC kuwa fundi wa studio. Huko alikiona chombo kinachoonyesha sauti kama mstari wa nuru, naye akajiuliza kwa nini mtu asichore mstari, chombo kikautoa kuwa sauti.

Mwaka 1949 alitunga Still Point, utungo wa okestra uliotaka sauti zigeuzwe kwa umeme papo hapo ukumbini. Wakubwa wake waliukataa. Hakuvunjika moyo. Mwaka 1958 alikuwa miongoni mwa waasisi wa karakana ya sauti za umeme ya BBC. Mwaka uliofuata aliacha kazi, akaenda Kent kuunda mtambo wake mwenyewe. Wakfu wa Gulbenkian ulimpa ruzuku mwaka 1962 na tena 1965.

Mtambo huo, uliopewa jina la Oramics, ulikuwa na kanda kumi za filamu za milimita 35. Bibi Oram alichora juu yake, na kanda zilipopita mbele ya vihisi vya nuru, michoro iliamua sauti ianze kwa kishindo au ipande polepole, idumu au ife. Hapo ndipo penye siri. Ngoma ya Kizaramo hupasuka mara moja ikafifia. Fidla ya taarabu huingia taratibu ikakaa. Sikio huzitambua kwa mwenendo huo.

Katika miaka ya 1980 alianza kuihamishia kazi hiyo katika kompyuta, lakini baadaye maradhi yalimzuia. Alifariki mwaka 2003. Still Point ilisikika jukwaani mwaka 2016, miaka 67 baada ya kutungwa.

Maisha haya yana funzo kwa watumishi wa Serikali. Fundi kijana mwenye wazo geni huenda akawa ameona mbali kuliko wakubwa wake. Kumsikiliza hakugharimu kitu, bali kumpuuza huweza kuligharimu taifa kizazi kizima. Tena programu za muziki hutujia na sauti zilizokwisha kuundwa ugenini. Kijana asiyefundishwa kuuchora mstari ule atabaki kuazima sauti za wengine, na ngoma zetu zitakosa mahali katika muziki wa kesho. Maofisa wa utamaduni na elimu, Bara na Visiwani, wanao wajibu wa kuhakikisha kwamba mkono unaochora ni wetu.