Allen Whipple: daktari aliyeacha jina lake kwenye upasuaji wa kongosho

Kama ndugu yako ana uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, huenda daktari amekutajia operesheni ya Whipple. Hilo ni jina la mtu.

Allen Oldfather Whipple alizaliwa mwaka 1881 huko Urmia, Uajemi, ambayo leo ni Iran. Wazazi wake walikuwa wamisionari kutoka Marekani. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akahitimu mwaka 1908. Kuanzia 1921 hadi 1946 alikuwa profesa wa upasuaji hapo hapo.

Enzi hizo, uvimbe ulioziba njia ya nyongo karibu na kongosho ulikuwa kama hukumu. Mgonjwa aligeuka manjano macho na ngozi, akakonda, na akipasuliwa damu haikuganda upesi. Mjerumani Walther Kausch alikwisha kufanya upasuaji wa aina hii mwaka 1909, lakini wachache walimfuata. Mwaka 1935 Whipple na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa watatu. Hawakufanya yote siku moja. Kwanza waliipa nyongo njia nyingine, wakasubiri mgonjwa apate nguvu, kisha wakarudi kuondoa uvimbe. Vitamini K ilipoanza kusaidia damu kuganda, mwaka 1940 alimaliza kazi yote kwa operesheni moja. Alifariki mwaka 1963.

Jina lake limebaki, na haja ya kusubiri imebaki pia. Katika operesheni hii huondolewa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo na mara nyingi kipande cha tumbo la chakula. Vilivyobaki huunganishwa upya. Baada ya hapo tumbo linaweza kuchelewa kusukuma chakula kwenda kwenye utumbo. Mgonjwa hushiba kwa vijiko viwili, husikia kichefuchefu au hutapika. Madaktari hulitambua tatizo hili pale mpira wa puani unapohitajika zaidi ya siku 3, au mgonjwa anaposhindwa kula chakula kigumu kufikia siku ya 7.

Wakati mwingine chanzo ni majimaji ya kongosho yaliyovuja au usaha ndani ya tumbo, ndiyo maana vipimo hurudiwa. Mara nyingi tumbo huamka lenyewe baada ya siku au wiki kadhaa. Kwa sasa mgonjwa hupewa dripu, dawa, na pengine chakula cha maji kwa mpira unaofika kwenye utumbo.

Hapa kwetu Dodoma, kumpenda mgonjwa ni kumpelekea chakula. Lakini usimlishe ugali wa uwele na mlenda kwa siri, wala usiuguse mpira wake. Muulize muuguzi kwanza. Akiruhusiwa, anza na uji mwepesi, kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, akiwa ameketi.

Mkisharudi nyumbani, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo ukiona anatapika mfululizo, ana homa, maumivu makali ya tumbo, choo cheusi au macho ya manjano. Usisubiri kupambazuke, hata kama mnaishi mbali na mjini.