Alexander Mackay

Alexander Murdoch Mackay (13 Oktoba 1849 – 8 Februari 1890) alikuwa mhandisi na mmisionari kutoka Uskoti aliyefanya kazi kandokando ya Ziwa Viktoria, katika nchi ambazo leo ni Uganda na Tanzania. Anajulikana zaidi kwa kazi yake Buganda, lakini safari yake ya ziwani ilianzia upande wa Mwanza, na huko huko ndiko alikofia.

Alizaliwa Rhynie, kaskazini mashariki mwa Uskoti, mtoto wa mchungaji. Alisomea uhandisi Edinburgh, kisha akafanya kazi ya mitambo Berlin, Ujerumani. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley aliandika katika gazeti kwamba Kabaka Mutesa I alihitaji walimu wa dini wenye ujuzi wa mikono. Mackay alijitolea kwa shirika la CMS, naye akafika Zanzibar mwaka 1876.

Kageye na Ukerewe

Wenzake walitangulia kufika ziwani, yeye akabaki nyuma kwa sababu ya homa, halafu akashughulika na kufungua barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Kuchelewa huko pengine kuliokoa maisha yake. Daktari wa msafara, John Smith, alifariki kwa ugonjwa huko Kageye mwaka 1877. Desemba mwaka huohuo Luteni Shergold Smith na Thomas O'Neill waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe.

Chanzo kilikuwa ugomvi kati ya mtemi Lukonge wa Ukerewe na mfanyabiashara aitwaye Songoro, juu ya jahazi lililokuwa likijengwa kisiwani. Songoro alikimbilia kwa Wazungu hao, nao wakakataa kumtoa. Wote watatu wakauawa pamoja na watu wao wengi.

Mackay alipofika Kageye Juni 1878 alikuta mizigo ya wenzake imeharibika na mashua yao, iliyoitwa Daisy, imetoboka. Watu wa pwani ile walitegemea kisasi, kwani ndivyo mambo yalivyokuwa yakimalizwa. Stanley mwenyewe, miaka 3 tu kabla yake, alikuwa amewashambulia kwa bunduki watu wa kisiwa cha Bumbire baada ya kugombana nao. Mackay alichagua njia nyingine. Alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, ingawa wenyeji wa Kageye walimsihi asiende wakiamini hatarudi. Alikaa kwa Lukonge siku kadhaa, akasikiliza maelezo yake kwamba aliyekusudiwa alikuwa Songoro, akafanya naye amani, akarudi salama. Baadaye alikarabati Daisy na mwaka huohuo akavuka kwenda Buganda.

Buganda

Huko alikaa karibu miaka 9. Alifua chuma, alijenga, alifundisha kusoma na alichapa sehemu za Biblia kwa Kiganda. Hakuwa mpole kwa kila mtu: alibishana vikali na mapadre Wakatoliki waliofika mwaka 1879, hata mbele ya Kabaka. Jambo hilo liliwachanganya wasikilizaji na halikumjengea sifa.

Chini ya Kabaka Mwanga II wanafunzi wake 3 waliuawa Januari 1885, na mwaka 1886 Wakristo wengi, Waanglikana na Wakatoliki, waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto Namugongo. Mackay hakuondoka mpaka alipofukuzwa Julai 1887.

Usambiro

Alihamia Usambiro, kusini mwa Ghuba ya Mwanza. Kituo chake kikawa kimbilio. Mwaka 1888, baada ya Mwanga kupinduliwa, wamisionari waliofukuzwa Buganda walipokelewa hapo. Mwanga naye alikimbilia upande huohuo wa ziwa, kwanza Magu kisha kwa mapadre wa Bukumbi. Mtu aliyeamuru vijana wale wauawe sasa alimwandikia Mackay kuomba msamaha na msaada. Mackay hakumtendea kisasi. Hata hivyo aliyemrudisha Mwanga Buganda kwa mashua alikuwa Charles Stokes, mmisionari wa zamani aliyegeuka mfanyabiashara.

Mwaka 1889 Stanley na msafara wake, wakiwa na Emin Pasha, walipumzika Usambiro wiki kama 3, wengi wao wakiwa wagonjwa na wamechoka. Stanley alimshauri warudi pamoja Ulaya, kwani hakuwa ameiona kwao tangu 1876. Alikataa kuondoka kabla hajapatikana wa kushika nafasi yake. Aliendelea kutafsiri Injili ya Yohane na kuunda mashua ya mvuke, mpaka homa ilipomshika mwanzoni mwa Februari 1890. Aliugua siku chache tu, akafariki akiwa na umri wa miaka 40.

Alizikwa Usambiro. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala, kwenye kanisa kuu la Kianglikana.