Robert Koch, daktari aliyeifuata kolera hadi ndani ya matumbo

KINDU, Maniema – Wakaaji wa Alunguli na wa Kasuku wanatazamana juu ya mto Lualaba, na wengi wao bado wanachota maji humo. Kolera si mgeni katika jimbo hili. Mwaka 1870 ilifika Maniema pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, na David Livingstone, aliyekuwa huku wakati huo, aliandika habari za vifo vyake. Hata yeye, daktari, hakujua kinachoua. Huko Ulaya wengi walisema ni hewa mbaya.

Mtu aliyeonyesha muuaji ni Mjerumani Robert Koch, aliyezaliwa Clausthal tarehe 11 Desemba 1843. Alianza kama daktari wa wilaya, akifanya utafiti nyumbani kwake. Mwaka 1876 alithibitisha mikrobi ya kimeta, na mwaka 1882 ile ya kifua kikuu.

Mwaka 1883 kolera ilizuka Misri. Koch alitumwa Alexandria, na Wafaransa nao wakatuma kundi la Pasteur. Kijana mmoja wa kundi hilo, Louis Thuillier, aliambukizwa akafa. Ingawa nchi hizo mbili zilichukiana, Koch alikuwa kati ya waliobeba jeneza lake. Kisha akaendelea hadi Calcutta, India. Ndani ya matumbo ya maiti alikuta mikrobi iliyopinda kama alama ya mkato. Akaikuta pia katika bwawa ambamo watu walichota maji ya kunywa, na ambamo nguo za mgonjwa zilikuwa zimefuliwa. Mtaliano Filippo Pacini alikuwa ameiona tangu 1854, ila hakusikilizwa.

Leo inajulikana inavyofanya kazi. Ikimezwa na maji, nyingi hufa kwa asidi ya tumbo. Zinazopona huogelea kwa mkia wao hadi utumbo mdogo, hupenya ute, hujishika ukutani kwa nyuzi nyembamba sana na kuzaana. Hazitoboi utumbo. Zinatoa sumu inayoulazimisha kumwaga maji na chumvi, na mgonjwa anaharisha maji kama ya mchele. Bila serumu au maji ya chumvi na sukari, anaweza kufa kwa masaa machache.

Mwaka 1892 watu wapatao 8.600 walikufa Hamburg, mji uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji jirani kabisa, ulikunywa maji ya mto huohuo yaliyochujwa kwa mchanga, nao uliponea kwa sehemu kubwa. Mzee Max von Pettenkofer, mpinzani wa Koch, hakushawishika: alikunywa mikrobi hizo mbele ya watu, akaharisha kidogo tu. Alifikiri ameshinda. Kumbe wengi wanaoambukizwa hawaugui sana, lakini choo chao kinaendelea kuzibeba hadi majini.

Koch hakuwa malaika. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese huko Uganda, aliwapa wagonjwa wa malale dawa ya atoksili, na baadhi yao wakapofuka.

Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1905, akafa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Sumu ya kolera, aliyoihisi bila kuipata, ilithibitishwa mwaka 1959 na Mhindi S. N. De, katika mji uleule wa Calcutta.