César Milstein: Aliyegawa mtaji wake bure

Wafanyabiashara wanaoshusha vitenge na usipa katika soko la Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita zipatazo 40 kutoka Lilongwe, wanakijua kipimo cha malaria: tone la damu, dakika chache, mistari miwili. Wachache wanamjua aliyekifungulia njia.

César Milstein alizaliwa Bahía Blanca, Argentina, Oktoba 8, 1927. Baba yake alikuwa mhamiaji Myahudi, mama yake mwalimu. Alisomea kemia Buenos Aires, kisha Cambridge, Uingereza. Mwaka 1961 alirudi nyumbani kuongoza idara ya utafiti. Mwaka uliofuata jeshi lilipindua serikali, wenzake wakaandamwa. Akajiuzulu na mwaka 1963 akarejea Cambridge. Wakazi wa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa 1994 palipokuwa na gereza, wanaielewa safari hiyo. Tofauti ni kwamba yeye alikuta kazi inamsubiri, na hiyo si tofauti ndogo: mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa na maduka katika miji ya Malawi waliamriwa kurudi kambini.

Mwaka 1975, yeye na kijana Mjerumani, Georges Köhler, waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kuzaliana. Mwili hutoa kingamwili za aina nyingi zilizochanganyika. Seli hiyo mseto ilitoa aina moja tu, bila kuisha. Kingamwili ya namna hiyo hushika kitu kimoja na kuacha vingine. Ndivyo maabara zinavyoweza kuitambua VEGF, protini ya ukuaji ambayo uvimbe wa saratani huitumia kujivutia mishipa ya damu. Katika Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, kingamwili huwasaidia wataalamu kutambua aina ya saratani kwenye kipande cha nyama kilichokatwa kwa mgonjwa.

Sasa upande wa biashara, ambao msomaji wa ukurasa huu atauuliza. Milstein aliwaarifu wakubwa wake, nao wakapeleka habari kwa shirika la serikali la Uingereza lililoshughulikia hataza. Shirika halikuona faida ya karibu, halikusajili. Yeye aliendelea kuwatumia seli watafiti walioomba. Baadhi yao, Marekani, wakazitumia na kusajili hataza zao wenyewe. Kosa hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa la ofisi, si la mgunduzi.

Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Köhler na Niels Jerne. Alifariki Cambridge, Machi 24, 2002.