Shaaban Robert: Karani aliyeandika juu ya mali na undugu

Sikio la Mswahili haliwezi kulisikia jina la Shiling bila ya kukumbuka shilingi. Mji huo, ulioko katika wilaya ya Huadu kaskazini mwa jiji la Guangzhou nchini China, haukupata jina lake kutokana na sarafu yetu, lakini shilingi nyingi za Afrika Mashariki zimefika huko. Shiling ni mji wa ngozi. Huko hushonwa mabegi, mikoba, pochi na mikanda inayouzwa duniani kote, na wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala wamekuwa miongoni mwa wageni wanaofuata mzigo Guangzhou.

Anayesafiri hivyo hubeba mtaji ambao mara nyingi si wake peke yake. Nyuma yake yuko kaka, dada, mjomba au kikundi cha kuweka na kukopa kilichomwamini. Kwa hiyo suala la mali, hamu ya kupanda daraja na haki ya ndugu si jambo la vitabuni tu kwa wasomaji wetu. Ndiyo maana leo tumeamua kuyatazama maisha ya mtu aliyelishughulikia suala hilo kwa Kiswahili miaka mingi kabla yetu, marehemu Shaaban Robert.

Wamarekani wana hadithi zao kuhusu jambo hili. Mwaka 1868 Horatio Alger alichapisha kitabu kuhusu kijana maskini wa New York, mpiga viatu rangi, ambaye kwa bidii na bahati anainuka kimaisha. Mwaka 1925 F. Scott Fitzgerald akaonyesha upande wa pili. Gatsby wake ni mtoto wa wakulima maskini anayechuma mali kwa biashara haramu, ananunua jumba kubwa na kufanya karamu kila mara, akiamini kuwa fahari hiyo itamrudishia mwanamke aliyempoteza alipokuwa askari asiye na kitu. Anapokufa, karibu wote waliokula na kunywa kwake hawaonekani mazikoni. Mwaka 1931 mwanahistoria James Truslow Adams akaueneza msemo wa ndoto ya Marekani, ingawa yeye mwenyewe alisisitiza kuwa ndoto hiyo haikuwa ya magari na mishahara minono peke yake.

Mwaka huohuo wa 1931 ndio unaoanzia mkusanyiko wa barua ambazo karani mmoja wa Tanganyika alikuwa akimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge. Barua hizo, zinazofika hadi mwaka 1958, zilikuja kuchapishwa kitabu miaka mingi baada ya mwandishi wake kuaga dunia. Karani huyo ndiye Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga, Wajerumani wakiwa bado watawala wa nchi. Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam, chini ya Waingereza, na katika mtihani wa mwisho alikuwa wa pili miongoni mwa 11 waliofaulu. Mwaka 1926 akaajiriwa kuwa karani wa forodha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya Pangani. Kwa kijana wa Kiafrika wa wakati ule, kalamu ya serikali ilikuwa ngazi ya kutamaniwa, lakini ilikuwa ngazi fupi. Vyeo na mishahara vilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Hata awe hodari namna gani, karani Mwafrika alikuwa na dari juu ya kichwa chake.

Aliitumikia serikali kwa zaidi ya miaka 30. Kutoka forodhani alihamishiwa idara ya mifugo huko Mpwapwa katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili, kisha akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya utawala na hatimaye idara ya upimaji. Kazi ya karani wa forodha ni kuhesabu na kuandika mali za watu wengine. Huenda ndiyo sababu katika hadithi zake mali haikai mahali pamoja; inapanda jahazini, inazama, inagawanywa, inarudi.

Kwa watoto wake, Shaaban Robert aliacha urithi wa namna nyingine. Binti yake Mwanjema alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman alimtungia Utenzi wa Adili. Tusisahau kuwa hati ni neno ambalo wengi wetu tunalihusisha na shamba au nyumba. Hati ya Mwanjema ilikuwa mawaidha ya kuishi vizuri na watu.

Hadithi yake inayowahusu zaidi wasomaji wetu, kwa maoni yetu, ni Adili na Nduguze, iliyochapishwa mwaka 1952. Kisa chake kinafanana na kimoja cha Alfu Lela Ulela, lakini Shaaban Robert alikigeuza kuwa cha Kiswahili hata kwa majina. Mfalme anaitwa Rai, na nchi yake inaitwa Ughaibu, jina linalokumbusha neno ughaibuni, ambalo leo tunalitumia kwa sisi wenyewe tulio mbali na nyumbani.

Ndugu watatu wanagawana urithi wa baba yao. Hasidi na Mwivu wanachukua mafungu yao na kusafiri kwa bahari kutafuta utajiri wa haraka. Adili anabaki na duka lake. Wale wawili wanarudi mikono mitupu, naye anawapokea na kugawana nao alichonacho. Baadaye wote watatu wanasafiri pamoja kibiashara. Adili anapopata mchumba katika mji wa ajabu uliogeuka mawe, ndugu zake wanashindwa kuvumilia na kumtupa baharini usiku akiwa usingizini. Jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa anamtoa majini, na wale wawili wanageuzwa manyani ambao Adili analazimishwa kuwapiga kila usiku. Anawapiga huku analia, na akimaliza anakula nao chakula kimoja. Mwishowe mfalme Rai anaingilia kati na ndugu wanarudishiwa ubinadamu wao.

Tofauti na hadithi ya Gatsby iko hapa. Gatsby anachuma peke yake, kwa ajili ya ndoto yake peke yake, na anakufa mpweke. Adili hana nafasi ya kuwa peke yake. Akipata, ndugu wapo. Akipoteza, ndugu wapo. Hata waliotaka kumuua bado anakula nao. Shaaban Robert hakuficha kwamba jambo hilo lina uchungu wake. Mtu aliyewahi kutuma fedha nyumbani, akasikia kiwanja hakikununuliwa na tofali halikupigwa, anaielewa ile mijeledi ya usiku bila ya kufafanuliwa. Anaelewa pia kwa nini chakula kiliandaliwa baada yake.

Katika Utubora Mkulima, kilichotoka mwaka 1968 baada ya kifo chake, mfanyakazi hodari wa mjini Unguja anaacha kazi nzuri ili akalime kijijini Busutamu. Tajiri wake anamwongezea mshahara ili abaki, naye anakataa. Wako wanaokisoma kitabu hiki kama wito kwa maskini aridhike na umaskini wake. Sisi hatukubaliani na usomaji huo, na ushahidi wetu ni maisha ya mwandishi mwenyewe.

Shaaban Robert hakuidharau fedha. Vitabu vyake vilitolewa na wachapishaji wa mbali: Pambo la Lugha mwaka 1948 na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, Kusadikika mwaka 1951 na Nelson wa London. Yeye alikuwa na maneno, wengine walikuwa na mitambo na masoko. Alipokuwa akiagana na utumishi wa serikali, aliamua kuanzisha kampuni yake mjini Tanga, akaiita Art and Literature, ili achapishe kazi zake mwenyewe. Huyu ndiye mtunzi wa Utubora. Alitaka jasho la kalamu lilipwe, na alitaka malipo yamfikie aliyetoka jasho. Kwake, kuridhika hakukuwa na maana ya kukubali kupunjwa.

Mradi huo haukupata muda. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Shaaban Robert akafariki dunia mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Katika uhai wake alipewa tuzo ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya Waingereza. Kazi zake nyingi hakuziona zikiwa vitabu. Kufikirika ilitoka mwaka 1967, na mwaka huohuo ukatoka utenzi wake wa vita wenye beti 3,000. Vizazi vya wanafunzi wa Tanzania na Kenya vimesoma na kufanya mitihani kwa vitabu vyake, na jijini Dar es Salaam Makumbusho ya Taifa yako katika mtaa wenye jina lake. Heshima ilimjia kwa wingi. Biashara aliyoitamani ilibaki changa.

Kwa ndugu zetu wanaofuata mzigo China, na kwa wanaowasubiri nyumbani, tunapendekeza Adili na Nduguze. Ni kitabu kifupi, na abiria wa Guangzhou anaweza kukimaliza kabla ndege haijatua. Kikisomwa na pande zote mbili, aliyesafiri na aliyebaki, huenda mazungumzo ya simu kuhusu fedha yakawa mepesi kidogo. Makubaliano ya mtaji na faida, hata hivyo, yaandikwe mapema na kila mwenye fungu aweke sahihi yake, undugu ukiwa bado mtamu.