Chemirocha: Jimmie Rodgers Katika Nchi ya Majani Chai

Wapo wasanii ambao sifa zao huvuka bahari ilhali wao wenyewe hawakuivuka. Mmoja wao ni Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyeimbwa na Wakipsigis kwa jina la Chemirocha.

Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 na kulelewa pande za Meridian, jimboni Mississippi. Mamake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Babake alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Mwana naye akafuata njia hiyo, akawa mshika breki wa magarimoshi. Huko relini alizisikia nyimbo za vibarua weusi, akazichanganya na za Wazungu wa mashambani. Mwaka 1924 aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Kazi ya reli ikamshinda, akajitosa katika muziki. Agosti 1927 alirekodiwa kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee, na katika miaka isiyozidi sita akatoa nyimbo zaidi ya 100, mmoja akishirikiana na Louis Armstrong mwaka 1930. Alama yake ilikuwa yodeli, yaani kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa na kuirejesha. Na kifua chenyewe ndicho hicho kilichokuwa kikioza! Mei 1933 alirekodi mjini New York huku akijilaza kitandani kati ya wimbo na wimbo. Alifariki tarehe 26 mwezi huo, akiwa na umri wa miaka 35.

Afrika hakuikanyaga kamwe. Santuri zake ndizo zilizofika. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet, Kericho, wakimwimba Chemirocha kwa mlio wa ala yao ya nyuzi, chepkong'o. Jina hilo si fumbo kwa mwanaisimu, kwani Kikipsigis hakitofautishi sauti za /j/ na /ch/. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimpa mgeni wao miguu ya swala, wakamsihi acheze kwa kurukaruka hadi nguo zimvuke. Tracey akamfananisha na Pan, mungu wa Wayunani mpiga filimbi. Ulinganisho huo unavutia, ila nashuku kuwa pengine wasichana walikuwa wakitania tu.

Rodgers aliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri huko Marekani mwaka 1961. Chemutoi Ketienya, aliyewaongoza wasichana wale, hatajwi sana hata na sisi tunaosomea fasihi simulizi, ingawa ni sauti yake iliyompa Rodgers uhai wa pili huku kwetu. Katika miaka ya 2010 nakala za rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet, na baadhi ya waliorekodiwa ujanani walikuwa wangali hai kuzisikiliza.