Philip Henry Gosse: Mtu aliyeileta bahari sebuleni

Ukiingia katika baadhi ya hoteli kubwa za mjini utaona tangi la kioo lililojaa maji, ndani yake samaki wa rangi wanazunguka. Wengi huliita akwariamu. Tangi la samaki wa maji baridi halina taabu sana. La maji ya bahari ndilo linalowatoa watu jasho, kwa sababu maji ya chumvi yakikaa chomboni huharibika upesi, na viumbe hufa mmoja baada ya mwingine.

Mtu aliyewafundisha watu wa kawaida kulitunza tangi hilo nyumbani alikuwa Mwingereza, Philip Henry Gosse. Msikilizaji, leo tunayaangalia maisha yake, pamoja na hasara aliyoisababisha bila kukusudia.

Karani aliyependa wadudu

Gosse alizaliwa mwaka 1810 katika mji wa Worcester, Uingereza. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo za sura za watu, akisafiri huku na huko kutafuta wateja. Fedha nyumbani zilikuwa haba. Mwaka 1827, akiwa na miaka 17, Philip alipanda meli kwenda kisiwa cha Newfoundland, ambacho leo ni sehemu ya Kanada, akawa karani katika nyumba ya biashara.

Huko, mwaka 1832, alinunua kitabu kilichotumika kuhusu hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Kitabu hicho kiligeuza maisha yake. Alianza kukusanya wadudu, kuwachora na kuandika habari zao. Hakuwa na mwalimu, alijifundisha mwenyewe.

Baadaye alijaribu kilimo huko Kanada, shamba likamshinda. Mwaka 1838 alikwenda Alabama, Marekani, akafundisha watoto wa wenye mashamba. Utumwa alioushuhudia huko ulimchukiza, akarudi kwao. Mwaka 1844 alikwenda Jamaika kukusanya ndege na viumbe wengine, akisaidiwa na kijana wa huko aitwaye Samuel Campbell. Alikaa miezi 18. Kitabu chake juu ya ndege wa Jamaika kilitoka mwaka 1847.

Maji yanayooza

Mwaka 1852 kazi nyingi zilikuwa zimemdhoofisha. Alihama London pamoja na mkewe Emily na mtoto wao Edmund, wakaenda pwani ya Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, ili apate nafuu.

Walio pwani wanajua jambo hili; walio bara niwaeleze kidogo. Bahari hujaa na kupwa kila siku. Ikipwa, maji mengine hubaki katika vidimbwi vya miambani. Ndani yake kuna kaa, uduvi, konokono, viti vya pweza, na wanyama laini wanaofunguka kama maua, ambao kwa jina la kigeni huitwa anemone. Gosse alikuwa akiingia majini na nyundo na patasi, akibandua kipande cha mwamba pamoja na kilichoshikamana nacho.

Tatizo likawa namna ya kuwaweka hai nyumbani. Hakuwa wa kwanza kulishughulikia. Mwaka 1846 mwanamke aitwaye Anna Thynne alileta matumbawe kutoka pwani hadi London. Ili maji yasichafuke, mtumishi wake aliyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, mara nyingi, yapate hewa. Naye mwanakemia Robert Warington alionyesha mwaka 1850 kwamba mimea, samaki na konokono wanaweza kuishi pamoja chomboni, kila mmoja akimsaidia mwenzake.

Gosse aliijaribu njia hiyo kwa maji ya bahari. Kanuni yake ni rahisi kueleza. Mnyama wa majini hutumia oksijeni iliyomo ndani ya maji na kutoa hewa chafu. Mwani, ukipata mwanga, huitumia hewa hiyo chafu na kurudisha oksijeni. Mwani na wanyama wakilingana, maji hudumu muda mrefu bila kubadilishwa. Wanyama wakizidi, wote huangamia.

Kutokana na kanuni hiyo alitoa maelekezo ambayo hata leo yana maana. Tanguliza mwani, uuache siku kadhaa, ndipo uweke wanyama. Weka wanyama wachache. Tangi lipate mwanga, lakini jua kali lisilichemshe. Kilichokufa kitolewe mara moja, kwa sababu mzoga mmoja huharibu maji yote. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa maji ndiyo yanayopaa, chumvi hubaki tangini.

Bahari ya kutengeneza

Mwezi Mei 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, ya kwanza ya aina yake kwa umma. Gosse alikuwa miongoni mwa waliopeleka viumbe kutoka pwani. Watu walifurika. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chenye picha za rangi alizochora mwenyewe, na kitabu hicho ndicho kilichoeneza neno akwariamu.

Lakini mtu anayekaa mbali na bahari angeyapata wapi maji ya chumvi? Kwanza Gosse alishauri wamlipe kidogo nahodha wa meli awachotee mbali na mlango wa mto, katika pipa jipya lisilo na harufu. Kisha, mwaka huohuo wa 1854, alitangaza njia ya kuyatengeneza. Alichanganya chumvi ya kawaida, chumvi ya haluli, kloridi ya magnesiamu na kloridi ya potasiamu katika maji safi. Aliweka mwani kwanza, kisha wanyama, nao wakaishi. Chumvi za pakiti zinazouzwa leo kwa wafugaji wa samaki wa bahari zimetokana na wazo hilohilo.

Watu wanateremka pwani

Wakati ulikuwa umewadia. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, vioo vikawa rahisi. Reli zilikuwa zikiwapeleka watu wa mijini hadi pwani. Mwaka 1855 Gosse alitoa kitabu kidogo cha maelekezo, na kiangazi hicho akawaongoza wanafunzi miambani kuwaonyesha viumbe. Tangi la bahari likawa pambo la sebule.

Kila tangi lilihitaji kujazwa, na wengi hawakufuata maelekezo. Walirundika wanyama, maji yakaoza, wakatupa, wakarudi pwani kuchukua wengine. Wafanyabiashara nao waliingia. Vidimbwi ambavyo Gosse alivikuta vimejaa uhai vikaanza kubaki mawe matupu.

Yeye mwenyewe alikuwa na msiba wake. Emily alifariki kwa saratani ya matiti mwezi Februari 1857, akimwachia mtoto wa miaka saba. Gosse alihamia St Marychurch, karibu na Torquay, akaendelea kuteremka miambani na Edmund, akiandika kitabu kikubwa juu ya anemone wa Uingereza, kilichokamilika mwaka 1860. Alifariki hapo mwezi Agosti 1888, akiwa na miaka 78.

Mwaka 1907 Edmund alichapisha kitabu juu ya malezi yake. Alieleza jinsi pwani ile ya utotoni ilivyokombwa, na jinsi baba yake alivyoumia kutambua kwamba vitabu vyake ndivyo vilivyowaita watu. Gosse aliipenda pwani ile kuliko wengi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyoifungulia njia ya kuharibiwa.

Kwetu je?

Leo matangi yana pampu na vichujio, na samaki baadhi huzalishwa kwenye mabwawa. Hata hivyo samaki wengi wa mapambo wa baharini bado hunaswa kwenye matumbawe, na pwani ya Kenya ni mojawapo ya sehemu wanakotoka. Kwa wazamiaji hiyo ni riziki, kwa hiyo si jambo la kulaani tu.

Ila Gosse alijua hesabu ya ndani ya tangi: wanyama wasizidi uwezo wa maji. Hesabu ya nje, ya wanaochukuliwa na wanaozaliwa, hakuna aliyeifanya mapema. Anayetaka tangi la bahari nyumbani, au anayevua kwa ajili ya matangi ya wengine, anahitaji kuzifanya zote mbili.